Kipupwe kinakuja: andaa ukoka na maua yako, ila usikopi maelekezo ya Ulaya

Mvua ndiyo hizo zinaaga, asubuhi ukitoka nje pumzi inatoka kama moshi, na washkaji wa bodaboda wameshaanza kuvaa makoti mawili mawili. Kipupwe kinabisha hodi. Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee bustani. Najua kuna mtu hapo kafe ameshaanza kusema bustani ni mambo ya wazee... subiri kwanza. Kuanzia Njombe, Makambako, Mafinga mpaka Mbeya kuna vijana kibao waliomaliza shule kama mimi, ajira hakuna, wanaishi kwa kupanda ukoka na maua kwenye nyumba za watu, magesti na makanisa. Na kila mwaka kati ya Juni na Agosti kuna usiku mmoja tu unaoweza kukufilisi.

Mimi ulinifilisi mwaka wangu wa kwanza wa kushika hizi kazi. Mama mmoja mwenye gesti alinipa bustani yake ya mbele: ukoka, maua ya pembeni, na miparachichi minne midogo uani. Tukakubaliana nusu ya hela mwanzo, nusu nyingine mwezi wa nane kabla wageni wake wa harusi hawajaja. Mwishoni mwa mwezi wa tano nikajifanya mtaalamu. Nikaingia kafe, nikagugo jinsi ya kuandaa bustani kwa ajili ya majira ya baridi, nikaprinti kurasa tatu. Zilisema weka mbolea yenye naitrojeni kabla baridi haijashika, kata nyasi ziwe fupi, punguza matawi. Nikafanya yote! Urea nikamwaga kwa mkono mpana. Baada ya wiki mbili ukoka ulikuwa kijani mpaka wapita njia wanasimama kuuangalia.

Mwezi wa saba, asubuhi moja, nikakuta bustani yote nyeupe kama mtu kamwaga sembe. Ilipendeza kwa kweli, nikapiga na picha. Ilipofika saa sita mchana ule ukoka ulikuwa rangi ya majani ya chai yaliyotumika, na maua yamelegea meusi kama mchicha uliosahaulika jikoni. Mama akatoka, akaangalia, akaniita kwa upole kabisa: "Mwanangu, hii ndiyo bustani ya wageni wangu?" Nikabaki nasema shikamoo mama, shikamoo mama, wakati nilishamwamkia. Nusu ya pili sikupewa.

Zile kurasa hazikusema uongo. Zilikuwa zinaongea na mtu mwingine. Ziliandikwa kwa ajili ya watu wa kaskazini mwa Marekani na Kanada, ambako baridi yao ni Desemba hadi Februari, ardhi yenyewe inaganda, na theluji inakaa juu ya nyasi wiki nyingi. Nyasi wanazopanda kule ni za jamii inayopenda baridi. Zinakua vizuri wakati wa vuli, ukizilisha mbolea muda huo zinaweka akiba kwenye mizizi na zinaamka mapema baridi ikiisha. Kuzikata fupi kidogo mwishoni kuna sababu pia: nyasi ndefu zikilaliwa na theluji zinaota ukungu. Sasa mwenzangu, Njombe theluji iko wapi?

Ukoka mwingi tunaopanda huku juu, ule unaotambaa na mashina manene kama kamba, ni nyasi ya Kikuyu. Jina limetoka kwa Wakikuyu wa Kenya, maana asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ni nyasi yetu kabisa. Lakini iko kwenye kundi la nyasi zinazopenda joto. Usiku ukianza kuwa baridi inapunguza mwendo, inataka kulala. Ukiipa urea muda huo unaiamsha kwa nguvu, inatoa majani mapya laini yaliyojaa maji, na hayo ndiyo chakula cha kwanza cha baridi. Mimi nililipia mbolea ili bustani yangu iungue vizuri zaidi, teh teh teh.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa wewe unayesoma hapo kafe saa yako ikiwa inakimbia: ukitafuta haya mambo usitafute "winter" peke yake. Andika jina la nyasi, kikuyu, halafu ongeza Afrika Kusini, Australia au New Zealand. Nyasi hii ilipelekwa huko karne iliyopita na imejaa kwenye viwanja na nyumba zao. Halafu wao wako kusini mwa ikweta kama sisi, baridi yao ni Juni hadi Agosti. Kalenda inalingana.

Sasa twende kwenye baridi yenyewe, maana wengi hatuijui. Vitabuni inaitwa sakitu au jalidi. Mtaani tunasema "barafu imeanguka". Haianguki! Inajitengenezea palepale kwenye jani. Mchana jua linapasha ardhi na mimea joto. Usiku lile joto linapanda kurudi angani. Kukiwa na mawingu, mawingu yanalirudisha kama blanketi. Kukiwa na upepo, hewa ya vuguvugu iliyo juu inachanganyika na ya chini. Lakini usiku ambao anga ni jeupe, nyota zimejaa mpaka unaweza kuzihesabu, na hata jani halitikisiki, joto lote linaondoka na jani linapoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Likifika chini ya sifuri, umande uliopo juu yake unaganda. Na maji yaliyo ndani ya jani nayo yanaanza kuganda, yanazinyonya maji na kuzipasua zile chembe ndogo ndogo zinazojenga jani. Ndiyo maana asubuhi linaonekana zima, halafu jua likilipiga linalegea na kuwa jeusi kama limepikwa.

Kuna kitu hapo kinawachanganya watu. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa mwelekeo wa kipupwe kila mwaka na utabiri wa kila siku, fuatilieni. Ila kile kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinakaa juu kidogo ya kimo cha kifua, ndani ya kisanduku chenye kivuli. Ukoka wako uko chini kabisa, wazi, unaangaliana na anga. Ukisikia usiku utakuwa na nyuzi 3 au 4, majani ya chini yanaweza kuwa yameshafika sifuri. Usiseme "mbona hawakusema barafu".

Kitu cha pili ni kwamba hewa ya baridi ni nzito, inatiririka kama maji. Inashuka mlimani inaenda kukaa bondeni. Ndiyo maana watu wa vinyungu wanalia kabla ya watu wa mlimani, ingawa kwa kawaida ukipanda juu mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, kwa hiyo tayari tuko pabaya, lakini ndani ya mji huohuo nyumba mbili zinaweza kupishana kabisa. Hata ndani ya kiwanja kimoja! Kwa yule mama, bustani ilikuwa upande wa chini wa kiwanja, na pale mwisho kuna ukuta wa tofali usio na hata tundu. Hewa ya baridi ilikuwa inashuka, inagonga ukuta, inajaa mle kama maji kwenye beseni. Kama ningejua ningemwomba afungue matundu chini ya ukuta, au mageti ya chini yaachwe wazi usiku (kama mlinzi yupo lakini, msije mkaibiwa halafu mkaniandama). Wenye wigo wa michongoma au misaipresi ni vivyo hivyo, punguzeni matawi ya chini kabisa upande wa mteremko ili baridi ipite iende zake.

Kabla hujanunua chochote, fanya hivi. Wiki za mwanzo za Juni amka mapema mara mbili tatu, saa kumi na mbili hivi, muda ambao baridi inakuwa kali kuliko usiku wote. Zunguka kiwanja na vijiti. Popote utakapoona weupe chomeka kijiti. Ukimaliza unayo ramani. Maua ya kudeka hayakai hapo tena. Upande wa ukuta uliopigwa jua la mchana, au chini ya mti mkubwa au paa lililotokeza, hapo ndipo pa kudeka. Na ukiwa unazunguka usikanyage ukoka wenye barafu. Zile nyayo zako utazikuta baadaye zimechorwa kwa rangi ya kahawia, maana jani lililoganda ukilikanyaga linavunjika. Wale wa mazoezi ya alfajiri uwanjani mnasikia?

Ukoka wenyewe hauhitaji mambo mengi. Mbolea ya naitrojeni mwisho katikati ya Aprili hivi, wakati mvua bado ipo na usiku haujawa mkali. Baada ya hapo acha, mpaka mvua za Novemba. Kukata, anza kupandisha kimo mwezi wa tano. Kama mnazoea kuukata karibu na ardhi kabisa, acheni ufike urefu wa vidole vitatu vinne vilivyolazwa. Yale majani ya juu yataungua, ni kweli, lakini yanafunika mashina ya chini, na mashina ndiyo yanayochipua. Ukoka wa Kikuyu una mashina mpaka ndani ya udongo, na udongo wetu hauingiwi na barafu. Kwa hiyo ukoka uliokomaa ukigeuka kahawia mwezi wa saba usimwite mwenye nyumba kumpa pole. Umelala tu. Mgonjwa ni ule uliopandwa mwezi wa nne au wa tano, haujashika mizizi. Ndiyo maana siku hizi kazi ya kupanda ukoka mpya siipokei baada ya Machi. Mteja akinuna anune.

Kwenye maji hapo ndipo tunapotofautiana sana na wale wa theluji. Kipupwe chetu ni kiangazi pia, kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni za kubahatisha. Mmea wenye kiu unaungua haraka, na udongo mkavu hautunzi joto. Udongo wenye unyevu unakusanya joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Kwa hiyo mwagilia, lakini mwagilia kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana, kwenye shina siyo kwenye majani, ili jioni majani yawe makavu. Mambo ya kumwagilia saa kumi na mbili jioni ukitoka kazini yaache mpaka Septemba.

Matandazo sasa... hapa nilibishana na jamaa mmoja wa kitalu mpaka tukaacha kuongea wiki nzima, na alikuwa sahihi. Mimi najua matandazo yanatunza joto, basi nikafunika na majani makavu kila kitu. Kumbe matandazo yanatunza joto CHINI, kwenye mizizi, na kwa kufanya hivyo yanalizuia lisitoke kuja kusaidia majani yaliyo juu. Kwa hiyo mmea mkubwa kama waridi, ambao shida yako ni mizizi na unyevu, weka matandazo mazito. Mche mdogo ambao shida yako ni majani, sogeza matandazo pembeni siku za hatari, udongo uwe wazi na wenye unyevu, halafu ufunike mmea wenyewe.

Na kufunika kuna namna yake. Nimeona watu wanavalisha mche kiroba wanaukaza kamba shingoni kama wanamfunga mtu kilemba. Hapo umefunika nini? Mmea hauna joto la mwili kama wewe kwenye koti. Joto linatoka kwenye udongo. Kifuniko kinatakiwa kishuke mpaka ardhini pande zote, kama chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ndipo joto la udongo linabaki ndani. Chomeka vijiti vitatu au vinne, tandika juu shuka kuukuu, gunia au salfeti, pindo lishike chini kwa mawe. Nailoni pia inafaa ila isiguse majani, pale inapogusa ndipo panapoungua. Funika saa kumi na moja jioni kabla joto halijakimbia. Ukifunika saa nne usiku unafunika baridi. Asubuhi saa tatu funua, jua lipashe udongo upya, usije ukaua mmea kwa kuuficha gizani wiki nzima.

Wapo wanaochoma matairi au majani mabichi wakisema moshi unazuia barafu. Moshi hauzuii lile joto kutoroka, unapita tu kama hakuna kitu. Unachopata ni kikohozi na ugomvi na majirani. Na huku kwetu, kiangazi, na mashamba ya misindano kila upande mpaka kule Sao Hill... mdau, acha kabisa moto.

Kwenye maua, mimi siku hizi nagawa mawili. Kuna yaliyotoka nchi za joto, kama bogenvilia iliyoanzia Amerika Kusini, haibiskasi, na yale ya Krismasi yenye majani mekundu. Yakiwa machanga hayo yakae kwenye makopo ili jioni uyaingize barazani, na ukiyapanda ardhini yapande Novemba yapate miezi ya kukomaa. Kuna mengine hayana shida, waridi kwa mfano, baridi yetu kwake ni utani. Ila usilikate matawi mwezi wa sita. Ukilikata linachipua, machipukizi yanaungua, mwezi wa nane unaanza upya.

Kama unataka kuona bustani inayojiandaa yenyewe, panda Kitulo. Ile hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 2005, iko juu kwenye mita 2,600 hivi, watu wanaiita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake ya okidi. Nenda mwezi wa saba utaona nyasi kavu tu na ubaridi wa kukata masikio, utasema umedanganywa. Okidi nyingi za pale zinaacha sehemu ya juu ife, zinabaki kama viazi vidogo chini ya udongo, halafu mvua ikija zinaamka na kuchanua kuanzia Desemba mpaka Aprili. Hakuna aliyezifunika kiroba. Mimea ya namna hiyo, inayotunza uhai wake chini ya udongo, ndiyo ya kumshauri mteja anayekaa bondeni. Nifofia ni mfano, yale maua marefu kama mwenge, mekundu na machungwa, ambayo ndugu zake wanaota porini kule juu. Nunua kitaluni lakini, usiende kung'oa hifadhini, ni kosa na utashikwa.

Tuseme umefanya yote na bado imekuunguza. Kosa kubwa ni lile tunalofanya wote: kuchukua mkasi siku hiyohiyo na kukata kila kilicho cheusi ili mwenye nyumba asione. Usikate! Yale majani meusi ni mwamvuli wa yaliyo chini, na usiku wa hatari unaweza kurudi hata mara tano kabla Agosti haijaisha. Subiri Septemba. Ndipo unakwaruza gome kwa ukucha, ukikuta kijani chini yake tawi lipo hai, ukikuta kahawia kavu shuka chini ukwaruze tena, ukate hapo kijani kinapoanzia. Mgomba unaweza kuonekana umekufa kabisa na bado ukachipua kutoka chini. Mparachichi mdogo ukipoteza majani, shina lake linabaki wazi kwa jua la mchana na linababuka, lipake chokaa nyeupe. Ya yule mama niliikata yote minne siku ileile kwa aibu, na ikachipua mwezi huohuo, na wiki mbili baadaye barafu ikarudi ikamaliza kazi.

Ukoka wake ulirudi wenyewe Novemba, mvua ya pili tu. Nilipita pale nikakuta umejaa mpaka kwenye njia, kijani kweli kweli, sikuugusa kwa chochote. Nusu ya hela yangu ndiyo haijarudi mpaka leo.

Haya wadau, wa Makete na Mufindi hebu nisaidieni hapo chini: huko kwenu weupe wa kwanza huwa mnauona wiki gani, na mnafunika na nini? Nina miche sitini bondeni na salfeti zangu hazitoshi.